Kumruka Kaka

Oduol alikuwa na miaka ishirini na miwili, afya njema, na msichana aliyemkubali. Alichokosa ni ruhusa ya kujenga. Kwa Wajaluo wa kwao, upande wa Utegi, kijana haoi bila nyumba, na hajengi nyumba kama kaka yake mkubwa hajajenga. Unaweza kununa, unaweza kwenda kanisani mchungaji mwenyewe akakuwekea mikono kichwani, lakini ukirudi nyumbani utamkuta baba yako amekaa palepale na jibu lake ni lilelile: humruki kaka yako. Anayemruka kaka yake anajiletea chira, na chira ni ugonjwa usiosikia sindano wala vidonge. Huanza na watoto wako.

Kaka mwenyewe aliitwa Olima, na Olima hakuwepo. Aliondoka miaka saba nyuma, rashi ya dhahabu, yaani watu kukimbilia machimbo mapya, ilipochachamaa Serengeti na kila kijana mwenye sururu akakimbilia huko. Yeye sururu hakuwa nayo, kwa hiyo alimswaga fahali wa baba yao, Mzee Ojwang, akamuuza mnadani, akanunua sururu, karai na buti. Kwa mama yao, Mama Dorka, aliacha ujumbe: mwambie Baba nitarudi na fahali wawili. Maneno ya kijana hayo, unayajua. Mwaka wa kwanza ilikuja barua, mwaka wa pili zikaja salamu za mdomo, na kuanzia wa tatu kimya.

Oduol alikuwa na miaka kumi na mitano wakati huo. Walikuwa wakilala kwenye ngozi moja, na Olima ndiye aliyekuwa akimvutia blanketi usiku huku akimtukana kwamba anapiga mateke kama punda. Kwa mwaka mzima baada ya kaka yake kuondoka, Oduol alilala upande wake tu wa ngozi, ule mwingine akauacha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa Mjaluo akipotelea mbali, asirudi wala maiti yake isionekane, hawamwachi aning'inie hivihivi kati ya wazima na wafu. Wanatafuta tunda la mwegea, lile refu zito ambalo kwao linaitwa yago, wanalifunga shuka, wanalichimbia kaburi na kulizika kwa jina lake. Likishazikwa, huyo mtu amekufa, hata kama yuko mahali anakula ugali. Wadogo zake wanakuwa huru kujenga na kuoa. Mzee Ojwang alishataka mambo hayo yafanyike zamani, lakini Mama Dorka alikataa katakata.

"Simziki mwanangu kwa tetesi," alisema. "Nileteeni mtu aliyemwona akifa, ndipo nitalia."

Huku nyuma kulikuwa na Everlyne, binti wa fundi cherehani wa pale Utegi, msichana mwenye kicheko cha puani ambacho Oduol angeweza kukitambua gizani katikati ya mnada. Mjomba wake wa Migori, ng'ambo ya mpaka, alikuwa na duka na alimtaka akamuuzie. Kila mtu alijua kwamba ukienda kuuza duka Migori unatafutiwa na mume wa huko huko. Everlyne alimwambia Oduol, tena akilia: "Nitakungoja mpaka mtama uvunwe. Baada ya hapo sina la kumwambia Mjomba."

Ndipo Oduol alipokwenda kwa baba yake. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kamtafute. Mlete hata kwa siku moja, aweke hata kibanda cha kuku na kukiita nyumba, halafu na wewe ujenge. Mtama ukiisha kabla hujarudi, nitawaita ndugu zangu wa ng'ambo tukae." Kukaa huko Oduol alijua maana yake: kuamua kuzika yago. Akafunga nguo mbili kwenye mfuko wa rambo, akaondoka.

Alifikia rashi moja ng'ambo ya Mbalibali. Miaka hiyo simu ilikuwa ya kuifuata posta, na habari za watu zilisafiri kwa midomo ya watu. Alitegemea kuuliza siku mbili tatu, apate jibu, ageuze. Wee! Pale palikuwa na watu kama siafu, kila mmoja amepakaa vumbi jekundu, na nusu yao hawakutumia majina waliyopewa na mama zao. Ukiuliza mtu, wanakutazama kama askari kanzu. Pesa ya kula ikamwishia siku ya nne, ikabidi atafute kazi.

Kazi ilikuwa kutwanga mawe. Wachimbaji walishuka duarani, yaani ndani ya shimo, wakayapandisha mawe kwa kamba. Akina Oduol wakayatwanga kwenye vinu vya chuma kwa vipande vya ekseli ya lori, mpaka jiwe likawa unga wa kupeleka mwaloni, penye maji, kuoshwa. Wiki ya kwanza viganja vilimchubuka vyote. Mwenzake wa kinu alikuwa Mkurya mmoja wa milimani Tarime, Waitara, kijana mrefu mwenye maneno mengi, ambaye alimfundisha kufunga viganja kwa vipande vya mpira wa baiskeli na kutwanga kwa kupokezana bila kugongana.

"Wewe Mjaluo umezoea kuvuta nyavu," Waitara alikuwa akimtania. "Jiwe halivutwi. Jiwe unalipiga kama limekuibia ng'ombe."

"Wizi wa ng'ombe ni wenu, kwetu tunafuga," Oduol alimjibu, na wakacheka wote wawili. Urafiki wao ulianza hapo.

Mchana walikula kwa Ghati, dada mmoja aliyekuwa amezungushia mahali vyandarua vichakavu na mabua akapaita hotelini. Ghati alipika ugali wa muhogo na dagaa, alijua siri za rashi nzima, na hakuwa na haya ya kukwambia unanuka. Jumapili walifua kijitoni, wakasikiliza redio ya Waitara mpaka betri zikaisha, wakagombana kuhusu mpira. Oduol hakuwahi kuishi mbali na nyumbani, na kusema kweli kuna siku alifurahi sana. Halafu ghafla, katikati ya kicheko, alimkumbuka Everlyne akitoboa kitambaa kwa sindano dirishani kwa baba yake, na tonge akalirudisha sahanini. Mtama wa Mbalibali nao ulikuwa unaanza kuinamisha vichwa. Alikuwa anautazama kila asubuhi kama mtu anayeangalia saa.

Mwezi wake wa pili pale ulipokaribia kwisha, alikuja mchimbaji mmoja kutoka upande wa Kisaka kununua tumbaku kwa Ghati. Oduol akamuuliza kama alivyouliza mamia wengine: humjui Mjaluo mmoja anaitwa Olima?

"Olima?" Yule mtu akatikisa kichwa. "Pole. Huyo alifukiwa na duara mwaka jana. Tulimzika sisi wenyewe."

Akina Olima ni wengi kuzunguka ziwa lote, huwamalizi. Oduol alitakiwa amuulize: Olima wa nani? Wa wapi? Mrefu au mfupi? Ana kovu juu ya jicho, alikopigwa na pembe ya mbuzi? Maswali manne tu, na yule mtu alikuwa amesimama mbele yake anakunja tumbaku yake taratibu, hana haraka ya kwenda popote. Hakuuliza hata moja. Alilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, nisimsingizie. Alilia mpaka Waitara akaenda kumshika bega. Lakini huko ndani kabisa, chini ya kilio, kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa ameshaanza kupima hatua za nyumba, chumba na sebule, na mtu huyo ndiye aliyemziba mdomo asiulize.

Kesho yake Athanas, muuza dagaa aliyekuwa akifika kila wiki kutoka Utegi, alikuwa anafunga magunia yake kurudi. Oduol akamwambia, "Waambie nyumbani nimempata mtu aliyekuwepo kwenye maziko. Olima amefariki."

Ghati alikuwa anaosha sahani pembeni. "Umemuuliza ni Olima gani?"

"Olima ni Olima," Oduol akasema.

Ghati akachota maji mengine. Aliendelea na sahani zake.

Zikapita siku tano. Oduol alitaka kurudi nyumbani na chochote mkononi, kwa hiyo alikuwa anasubiri mgao wa mwisho wa unga wao. Siku ya sita yeye na Waitara walitumwa Kisaka kufuata magogo ya kuegemezea kuta za duara. Walipofika kwenye mashimo ya huko ilikuwa saa ya chakula. Wachimbaji walikuwa wamekaa chini kwenye kivuli wamezunguka masinia, isipokuwa mmoja. Yule alikuwa amesimama, kawapa watu mgongo, kaegemea gogo, anakula ugali wake kwa mkono mmoja na mwingine umeshika bakuli.

Tangu utoto Olima hakuwahi kula amekaa. Mama alimsema, Baba alimchapa, mwishowe wakamwacha. Oduol aliangusha kamba aliyokuwa ameishika.

"Omera," akaita. Ndugu yangu, maana yake.

Yule mtu akageuka. Kovu lilikuwa palepale juu ya jicho. "Wewe nani?"

"Oduol."

"Oduol gani? Oduol wangu ni mfupi."

Halafu bakuli likaenda chini. Walishikana mbele ya watu wale wote, dagaa wamemwagika, wakalia kama watoto, na wachimbaji wakaangalia pembeni kwa heshima. Olima alimpapasa mabega, akamgeuza, akamtazama nyuma kama mtu anayenunua ndama. "Umekuwa mtu," alirudia. "Ee, umekuwa mtu kweli." Kisha akauliza: Mama anaendeleaje? Goti lake? Bado anafuga wale kuku wasiotaga? Baba bado ana hasira?

Oduol alijibu yote. Alimweleza habari za Everlyne, nyumba na mtama. Jambo moja tu hakulisema. Ni ule ujumbe aliompa Athanas.

"Nitakwenda," Olima akasema. "Kwani unafikiri sitaki? Miaka saba, mdogo wangu, hakuna siku sijaiona ile njia ya kushuka kisimani. Lakini siendi mikono mitupu. Nilimchukulia Baba fahali. Bila fahali sitakanyaga pale. Mwamba wa dhahabu tumeshauona. Siku nne, tano, tunaugonga. Nikitoka sasa hivi fungu langu linaliwa na waliobaki, ndiyo sheria ya duara. Nipe siku tano."

Waitara alimvuta Oduol pembeni. "Hujamwambia?"

"Nitamwambia."

"Mwambie leo. Nyumbani wanajua amekufa. Ngoja nikupe mimi kalamu uandike barua, tumtafute dereva."

"Mavuno bado kidogo. Na wale baba zangu wa ng'ambo, mpaka waitwe, mpaka wakubaliane siku, ni mwezi. Nikifika naye mwenyewe langoni, yu hai, nani atakumbuka niliyosema?"

Waitara akainua gogo begani. "Nyie watu ni wa ajabu," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

Zile siku tano zikawa tisa. Na hapa ndipo pagumu, kwa sababu siku zile tisa zilikuwa tamu. Waitara alirudi na magogo, Oduol akabaki kwa kaka yake, akavuta kamba ya duara lao, akalala kwenye turubai moja naye. Olima alimkuta anapiga mateke vilevile, akamtukana vilevile. Jioni walikwenda kijitoni kuoga, Olima akamsimulia alivyougua Issenye karibu afe, alivyopata mara moja dhahabu nyingi akatapeliwa yote na rafiki, alivyoandika barua tatu na kuzichana kwa sababu kila moja ilikuwa haina fahali ndani yake. Hayo ndiyo maneno yake. Mara nyingi Oduol alifungua mdomo aseme. Lakini alikuwa amemtamani mtu huyu miaka saba, na sasa yuko hapa, anacheka, anamwita mdogo wangu. Angeanzaje kumwambia nilikuzika? Akasema kesho. Kesho nayo ikawa na utamu wake.

Siku ya tisa mwamba ukatoa, si sana. Fungu la Olima likatosha fahali mmoja na shati jipya. Alimchagua fahali mweusi mnadani, mwenye nundu nzuri, na Waitara, aliyekuja kukutana nao, ambaye kwao wanamjua ng'ombe kabla ya kumjua mama, ndiye aliyemkagua meno.

"Tupande lori," Oduol akasema. "Tutafika kesho."

"Nilimtoa kwa miguu, nitamrudisha kwa miguu," Olima akajibu. Hakutaka kusikia lolote.

Wakaondoka watatu, kwa sababu Waitara alisema Wajaluo wawili na fahali mmoja hawatafika. Njia nzima Mkurya yule alitembea nyuma akipiga miluzi, na yule fahali alimsikiliza kuliko alivyowasikiliza wenyewe. Siku ya kwanza wakalala kwa mjomba wa Waitara. Siku ya pili wakavuka Mto Mara, wakapumzika kwenye majani upande wa pili, na Olima akaanza kufanya mazoezi ya atakavyosema.

"Baba nitamsalimu kwanza, nitanyamaza, nimwache afoke. Akimaliza ndiyo nimwonyeshe ng'ombe. Mama nitamwambia: Mama, chinja huyo kuku asiyetaga, nimekuja." Akacheka peke yake. "Unafikiri atanijua?"

Oduol hakuweza kuficha tena. Alisema yote, akiwa ameangalia mto: shahidi aliyetakwa na Mama, yule mnunuzi wa tumbaku, maswali ambayo hakuuliza, Athanas na ujumbe.

Olima alimgeukia. Fahali alikuwa anakula majani, yanasikika yakikatika.

"Uliwaambia nimekufa."

"Niliwaambia nimesikia hivyo."

"Mama alitaka shahidi, ukampa shahidi."

"Ndiyo."

"Na ukakaa na mimi siku tisa."

 Oduol alitamani apigwe, ngumi ingekuwa nafuu. Olima aling'oa jani, akalitafuna, akalitema.

"Huyo msichana anaitwa nani?"

"Everlyne."

"Mzuri?"

"Mzuri."

"Basi inuka," Olima akasema, "tutembee."

Walitembea mpaka giza likawakatalia, wakaamka kabla ya jogoo. Lakini fahali hakimbizwi. Ukimharakisha analala chini, na huyu alilala mara mbili, Waitara akambembeleza kwa maneno ya Kikurya mpaka akainuka. Hakuna aliyetania siku ile. Walipopita Utegi waliona mashamba ya mtama yamebaki mabua matupu.

Alasiri ndipo walipoiona nyumba yao kwa mbali, uzio wake wa miti ya manyara, na moshi mwingi kuliko wa familia moja. Palikuwa na masufuria makubwa, baiskeli zimeegemezwa, na watu wa ng'ambo wamekaa kwenye viti vya kanisa. Everlyne alikuwa anatoka langoni na ndoo, maana alikuja kusaidia kupika kama inavyompasa msichana anayetarajia kuwa wa nyumba hiyo. Alimwona Oduol, akatabasamu. Kisha akamwona aliyekuwa kando yake, shati jipya, kovu juu ya jicho, sura ya Mzee Ojwang iliyonyooshwa. Aliweka ndoo chini.

"Mmechelewa," akasema. "Tumezika jana."

Fahali alisikia wenzake zizini, akapita langoni mwenyewe, hakuna aliyemzuia. Olima akapiga hatua kumfuata.

"Usivuke hapo."

Aliyesema alikuwa mdogo wake Mzee Ojwang, Jaduong', yaani mzee, Oduol wa Migori, ambaye kijana Oduol alipewa jina lake. Alikuwa amesimama na fimbo, na hakuwa mtu mbaya. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mwanangu, nakuomba. Tuliyemzika hapiti lango hili. Akipita, atamchukua mmoja wa waliomo ndani aende naye. Sikuiweka mimi sheria hiyo."

Mzee Ojwang alikuja akasimama upande wa ndani. Kati yao kulikuwa na hatua mbili.

"Shikamoo, Baba," Olima akasema.

Mzee alifungua mdomo, akamwangalia ndugu yake, akaufunga. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu," akafunika uso kwa kofia yake.

"Kwetu tungechinja mbuzi," Waitara akasema kwa sauti ya chini, "yakaisha."

"Kwenu ni kwenu, kijana," Jaduong' akamjibu kwa upole. "Kwetu mbuzi wa kazi hiyo hatumjui."

Ndipo Mama Dorka alipotokea jikoni. Hakupiga kelele, wala hakukimbia, goti lisingemruhusu. Alikuja akiwapita watu mmoja mmoja, amenyoa nywele kwa msiba, akavuka lango. Jaduong' akataka kumshika. "Nimekatazwa na nani mimi kutoka?" akamuuliza, na mkono ukarudi. Akamfikia Olima, akamshika masikio yote mawili kama alivyokuwa akiwashika walipokuwa wadogo, akaketi naye palepale chini barabarani. Alikaa hapo mpaka jua likazama, akamlisha kwa mkono wake. Olima alikula amekaa.

Mara moja tu alimgeukia mwanawe mdogo. "Huyo aliyeona," akauliza, "jina lake nani?"

"Sikumuuliza, Mama."

Mama akamgeukia Olima, akamega tonge jingine.

Olima na Waitara walilala kwa fundi cherehani. Asubuhi Mzee Ojwang alimwita Oduol, akamkabidhi jembe na shoka. Wazee wa ng'ambo walikuwepo, na wasingekuja mara mbili. Siku ya kuweka nyumba ilikuwa hiyo.

"Baba, sijengi," Oduol akasema. "Siwezi. Sitaki tena."

"Nimemzika mmoja ili wewe ujenge," Mzee akamjibu.  "Usinifanye niwe nimemzika bure."

Nyumba ya kijana kwa Wajaluo inakaa karibu na lango, imeegemea uzio. Oduol akachimba. Watu walikuwa wamesimama kwa mbali, Everlyne katikati ya wanawake, na yeye alichimba bila kuinua macho, udongo ukimrukia miguuni. Haya ndiyo aliyoyataka. Aliyataka mpaka akakosa usingizi, mpaka akamtazama mtu anakunja tumbaku na asimuulize swali. Shimo likafika kiwiko. Akainua nguzo, akaitumbukiza, na nguzo ikalala upande. Akaisimamisha, akainama kuchota udongo, ikalala tena. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja anashika na mwingine anafukia, na ndugu huwa ndiye anayeshika. Binamu zake wa Migori walitazamana, kila mmoja akingoja mwingine, hakuna aliyetaka kuchukua nafasi hiyo.

Manyara yakatikisika. Kutoka upande wa barabarani mikono miwili ikapenya kwenye uzio, utomvu mweupe ukidondokea shati jipya, ikapapasa hewani, ikaipata nguzo na kuisimamisha wima.

Jaduong' wa Migori alitazama. Alitazama mpaka kwenye viwiko, mahali mikono ilipoishia kwenye majani, akapima kwa macho kilichokuwa ndani na kilichokuwa nje. Kisha akageuka kuwatazama ng'ombe. Mzee Ojwang naye akageuka.

"Fukia," Olima akasema nyuma ya uzio. "Shindilia vizuri. Na mlango uutazamishe huku barabarani, omera, ili nikipita niwe nakuona."

Oduol akapiga magoti, akaanza kufukia kwa mikono.